Ndoo Yenye Mfuniko Mwekundu

Baba yangu,

Shikamoo. Najua huitikii tena, lakini siwezi kuanza kuzungumza na wewe bila shikamoo.

Nina jambo la kukiri, ila kwanza nicheke kidogo. Unakumbuka ukaguzi wako wa Ijumaa? Ukitoka msikitini, kanzu hujavua, unatupanga mimi na kaka zangu uani pale Miteja na kuuliza, "Barabara ikikatika leo, tunacho nini?" Wao wanataja: pipa la makopa ya muhogo, maji ya mvua, mbegu za mtama zinazoning'inia jikoni kwenye moshi, chumvi, kamba, taa ya sola. Mimi kitinda mimba najibu, "Tunaye baba mwenye vituko." Unacheka mpaka kofia inakaa upande.

Baadaye nilikuonea haya, Baba. Nilipohamia Masoko na kuanza kushona nguo, watu wa kwetu wakija dukani waliniita binti wa Mzee Mapipa. Nilitabasamu huku nimeuma meno.

Ndiyo maana siku ya arobaini yako niligawa kila kitu kwa majirani. Nilisema ni sadaka. Kweli yenyewe ni kwamba nilitaka nyumba iwe nyeupe, bila pipa hata moja. Hata ile ndoo yenye mfuniko mwekundu, uliyokuwa hutaki tuiguse, nilimpa Bi Tabu, mkunga wa zamani, bila kuifungua.

Masika haya nilikuja Miteja na mwanangu Zuhura kuangalia bati linalovuja. Ujauzito wake ulikuwa wa miezi minane, na tulipanga kukaa siku moja tu. Mvua ikanyesha siku tatu. Maji yakakata barabara pande zote mbili, umeme ukazima, simu nazo zikafuata. Nilikuwa na pakiti moja ya biskuti. Nikasimama pale pale ulipokuwa unatupanga, nikajiuliza swali lako. Niliogopa sana, Baba.

Basi majirani wakaanza kuingia, wamelowa chapachapa. Huyu kaleta makopa, yule kaleta taa yako, na ilikuwa inawaka. Siku ya tatu, adhuhuri, uchungu ukamshika Zuhura kabla ya wakati wake. Bi Tabu akaja na ndoo. Ndani mlikuwa na wembe kwenye karatasi yake, uzi, glavu, sabuni na kanga mbili safi.

"Mbona wembe mpya?" nikamuuliza.

"Babako alikuwa anaubadilisha kila Ramadhani. Uliponipa ndoo, mwanangu, nikajua umenipa na kazi yake."

Zuhura alijifungua salama, mtoto wa kike, mdogo lakini mwenye sauti. Bi Tabu alipokuwa ananawa mikono, akaniambia usiloniambia wewe. Kwamba siku niliyozaliwa mimi mvua ilikuwa kama hii, ndani hamna sabuni wala wembe, kitovu changu kikakatwa kwa kisu cha jikoni. Kwamba homa ikampata mama, barabara ilikuwa imejaa maji, akafariki kabla ya kufikishwa hospitali. Wewe uliniambia homa tu. Ukanyamaza mengine ili nisije nikajiona mimi ndiye sababu, ukakubali nikucheke maisha yako yote.

Nisamehe, Baba. Nimelia mpaka nikachoka.

Barabara imeshafunguliwa, na mtoto amepimwa, mzima. Hatujarudi Masoko bado. Nimenunua wembe mwingine, nimefua kanga, na Bi Tabu amekubali tuitunze ile ndoo kwa zamu.

Ijumaa iliyopita nilisimama uani, nikamuuliza Zuhura, "Barabara ikikatika leo, tunacho nini?"

Akaniangalia, mtoto kifuani. Sijawahi kumsimulia jibu langu la utotoni.

"Tunaye mama mwenye vituko," akasema.

Mungu akulaze pema, Baba.

Kitinda mimba wako