Uchoyo wa Veronicah

Riruta, 5 Machi 2006

Baba mpendwa,

Hamjambo huko Vihiga? Goti lako limepoa? Mimi mzima wa mwili, moyo ndio una kelele.

Hapa benki mjini kila mtu ana paswadi, neno lake la siri la kufungulia kompyuta. Bila hilo neno, pesa za wateja hazihami. Sasa wenzangu wanaazimana paswadi kama chumvi: mmoja akienda kula, mwingine anaendelea kwa jina lake. Mimi nimekataa, wananiita mchoyo. Juzi mkubwa wetu, Norman, aliomba yangu nikamnyima, akanifokea mbele ya watu: "Veronicah, wacha roho mbaya bwana!" Na ndiye atakayesema kama nitaajiriwa kabisa mwezi wa sita ama nirudi nyumbani. Baba, nifanye nini?

Bintiyo,
Veronicah

Vihiga, 19 Machi 2006

Veronicah mwanangu,

Tumeamka salama. Goti linanikumbusha umri tu. Mama yako anauliza kama unakula vizuri.

Lakini wewe mtoto! Tangu lini nyumba ya Isaiah ikazaa mchoyo? Majirani nimewaazima jembe, ng'ombe wa kulimia, hata koti langu la harusi. Mkubwa akiomba, unampa, tena kwa tabasamu. Kazi ya benki huiokoti njiani. Mpe hiyo paswadi, usiniaibishe.

Ni mimi babako,
Isaiah

Riruta, 23 Julai 2006

Baba mpendwa,

Natumaini nyote ni wazima. Nisamehe kunyamaza, niliogopa kukuandikia.

Sikumpa. Nilisoma barua yako, nikalia, na bado sikumpa.

Mwezi wa tano benki iliibiwa bila mlango kuvunjwa. Kijana wa kutengeneza kompyuta alikuwa amepewa paswadi za watu ili amalize kazi upesi. Norman mwenyewe alimpa yake. Mamilioni yakahamishwa kwa majina ya wenzangu, na kijana akapotea. Polisi walipokuja, kila mtu alilia, "Si mimi!", lakini kompyuta ilisema ni yeye. Waceke, tuliyekuwa tunakaa naye meza moja, alilala selo na ana mtoto anayenyonya. Jina langu halikuwepo popote. Mpelelezi akauliza, "Wewe ulipona vipi?" Nikamwambia, "Mimi ni mchoyo, afande."

Lakini hasara haikuchagua. Benki imewarudishia wateja pesa zao, sasa ya kutulipa sisi haina. Hata tawi la hapa Riruta limefungwa, mikopo imesimama, na sisi tuliongoja kuajiriwa tumeambiwa kwaheri. Namsaidia shangazi Selpher kusuka nywele Kenyatta Market. Najua nilikukaidi, baba. Lakini natembea mjini nikitazama watu machoni, na najivunia.

Bintiyo,
Veronicah

Vihiga, 6 Agosti 2006

Veronicah, mama yangu,

Habari ya goti tuiache leo. Nilimsomea mama yako barua, akapiga vigelegele mpaka majirani wakaja kuuliza nani anaolewa.

Kazi imeenda na inauma, sikudanganyi. Lakini ningekuwa wewe ningempa, na leo ungekuwa unaniletea uji selo. Wanaume wazima wenye tai walimwogopa Norman. Wewe hukumwogopa yeye wala mimi.

Jumapili nimeomba nafasi kanisani. Nitasimama mbele ya wale wote ninaowahubiria kila siku kwamba watoto wa siku hizi hawasikii wazazi, niwaambie: wangu hakunisikia, na Mungu asifiwe.

Babako, anayetembea kifua mbele,
Isaiah