Swila Aliyeingia na Nyasi

Nyaishozi,
Wilaya ya Karagwe,
Mkoa wa Kagera.
19 Agosti 1986

Mpendwa mpwa wangu Egbert,

Kabla ya yote ujue kwamba barua hii imeandikwa na mtu mkubwa. Siku hizi mkutano wa kijiji hapa Nyaishozi hauanzi mpaka nionekane nikipanda kilima na baiskeli yangu, na hata Katibu Kata, akitaka kukohoa mbele za watu, kwanza ananitazama mimi. Sisemi haya ili kujisifu. Nasema ili uyapokee maneno yangu kwa uzito wake.

Habari za huko Tanga? Mkonge unaendeleaje, na kifua chako kimepona lile vumbi la kiwandani? Shikamoo yako nimeipokea kabla hujaiandika, marahaba sana. Huku sisi tunapumua. Kiangazi kimekaza, ndizi zimekuwa ndogo kama vidole, kahawa tumekwisha kuianika. Mke wangu Placidia mzima, na mdomo wake mzima.

Mama yako yu hai. Nimeliweka hilo hapa juu ili usisome yanayofuata ukitetemeka. Ile nyonga aliyovunja mwezi wa tatu bado haijaunga vizuri na hawezi kusimama, lakini anakula, anasali, anatugombeza. Sasa kaa chini nikueleze kwa nini halali tena nyumbani kwangu.

Ni nyoka.

Unanijua mimi na nyoka. Wakati wa vita, nilipokuwa mgambo, nilivuka na jeshi mpaka Uganda, na huko nilikutana na koboko ambaye kichwa chake kilikuwa kimefika Masaka huku mkia bado unatafuta kivuko cha mto Kagera. Dereva wa lori alidhani ni barabara. Nilimkemea yule koboko, akapisha. Wenzangu wote wangeshuhudia, ila wamehamia mbali.

Mwalimu Gaspari wa shule yetu anasema imeandikwa vitabuni kwamba Australia kuna nyoka ambaye akiuma mara moja tu, sumu yake ingetosha kijiji kizima pamoja na mwenyekiti wake. Na kwamba India nyoka wanaua watu wengi mashambani kila mwaka, wakulima kama sisi, peku kama sisi. Nakubali yote. Lakini siku hizi usingizi umenikimbia na nimepata nafasi ya kufikiri. Nimeona nyoka wa kutisha kuliko wote duniani ni yule uliyemo naye nyumba moja na hujui amelala wapi.

Theoneste unamkumbuka, mume wa jirani yetu Nyirabageni. Mwaka jana kifutu alimuuma kwenye maharage, hapo juu ya kifundo cha mguu. Tulimbeba kwa machela, tukipokezana, tukikimbia, na mguu unavimba tunauona kwa macho. Hospitali mbali, gari hakuna. Tulipofika barabara kubwa alikuwa haongei tena. Tukageuza machela. Tangu siku ile, mtu akitaja nyoka hapa hakuna anayecheka, hata mimi.

Sasa kisa chenyewe. Ijumaa ya kwanza ya mwezi huu katekista Yustus alikuwa anamletea mama yako Komunyo ya wagonjwa. Wewe ni mtoto wa nyumba hii, unajua hatumpokei mgeni wa namna hiyo kwenye udongo mtupu. Lazima chumba kitandikwe nyasi mpya. Na unajua mzigo wa nyasi hauingizwi ndani hivihivi. Unafunguliwa uani, unapigwa fimbo, unalala juani kutwa, ndipo unatandikwa. Hata mtoto anayejifunza kuchunga mbuzi analijua hilo.

Mimi nilikuwa nimechelewa kwa shughuli za kijiji. Tulikuwa tumejadili mambo mazito tangu jana yake, na rubisi, ile pombe yetu ya ndizi, ilikuwepo. Basi nyasi nilizikata kilimani asubuhi ileile, nikazifunga kwenye baiskeli, nikafika nyumbani jua limeshapanda. Placidia akasimama mlangoni.

"Baba Mutalemwa, umezipiga?"

"Nyoka gani atathubutu kupanda baiskeli yangu?"

"Sijakuuliza habari za baiskeli."

Nikampita. Nikazitandika mwenyewe chumbani kwa mama yako, nene, laini, mpaka mvunguni mwa kitanda. Mama yako akasifu harufu yake. Alisema ni kama nyumba ya baba yetu.

Tulikuwa uani tunamngoja Yustus, nikasikia sauti ya mama yako, wala si kubwa.

"Kashaija. Njoo uangalie. Nyasi zinatembea."

"Ni kuku huyo, wifi," Placidia akamwambia.

"Kuku hana urefu huu."

Nikachungulia. Egbert, nyasi zilikuwa zinainuka na kulala, zinainuka na kulala, polepole, kutoka ukutani kuelekea kitandani. Angekuwa panya ningesikia mchakacho. Huyu hakuwa na haraka wala kelele.

Mwanaume mwingine angekimbilia mjini Kayanga kuita watu. Mimi niliingia. Niliingia bila fimbo, kwa sababu nilitaka mikono yote miwili ya kumbebea dada yangu. Nimefika katikati ya chumba, akasimama. Alisimama nyuma yangu, kati yangu na mlango. Swila mweusi, shingo ameitanua kama kiganja, na kooni ana rangi ya nyama mbichi. Kwa urefu alinifika kifuani, na hapo bado mwili mwingine ulikuwa chini ya nyasi. Mbonimpa, yule Mrundi anayetusaidia kazi za kahawa, anasema alikuwa kama mpini wa jembe. Mbonimpa alikuwa nje.

Kuruka sikumbuki. Nakumbuka niko juu ya kitanda, nyuma ya mama yako, naye anasema, "Mguu wangu, wewe!" Hapohapo swila akatema. Yale mate yalitua kwenye blanketi, mahali ambapo uso wangu ulikuwa umetoka sasa hivi. Tukajifunika gubigubi, watoto wawili wa mama mmoja, kama tulivyokuwa tukijificha radi.

"Usipumue kama ng'ombe," akaninong'oneza. "Atakusikia."

"Sipumui."

"Basi kitanda nakitikisa mimi?"

Huko nje ikawa baraza. Nikamsikia Placidia anaagiza pilipili ichomwe, moshi umtoe nyoka. Nikasikia Yustus, ambaye ndiyo kwanza anafika, anajibu, "Moshi huo utamtoa mgonjwa kwanza, mama. Kifua chake hukijui?" Mwingine akataka maji ya moto yamwagwe ndani. Mimi nikapiga kelele chini ya blanketi kwamba maji ya moto hayachagui mtu na nyoka.

Kisha wote wakanyamaza, na ule ukimya ulikuwa mbaya zaidi, maana sasa tulimsikia. Alikuwa ameshuka, amepita mvunguni. Nyasi nilizozijaza huko kwa mikono yangu zilikuwa zinasagika taratibu chini ya mgongo wangu. Kitanda chenyewe unakijua, miti na kamba na godoro jembamba, matundu yake yanapitisha ngumi. Mama yako akaanza kusali Salamu Maria, mimi naitikia. Alipofika pale pa saa ya kufa kwetu akakatiza, akaanza upya. Mara zote alikatiza hapo. Nikamfikiria Theoneste kwenye machela. Nikafikiri, akimuuma huyu, nitamwandikia nini Egbert? Nitasema nyasi nilizitandika mimi?

Ndipo sauti ya Mbonimpa ikatoka nyuma ya nyumba. "Mzee! Gonga ukuta hapo kilipo kichwa cha mama."

Nikagonga.

"Haya, sogezeni vichwa."

Jembe likaingia. Ule ukuta niliukandika mwenyewe, fito na tope, na nimewahi kutamba kwamba tembo hauwezi. Siku ile nilimwomba Mungu uwe mbovu. Kila pigo lilitikisa nyumba, na kila nyumba ilipotikisika, huko mvunguni kulitoka pumzi kali, kama maji yanayomwagikia makaa. Udongo ukatuangukia. Mwanga ukaingia. Wakamshika mama yako na blanketi lake, wakamvuta kupitia lile tundu, akapiga yowe la nyonga ambalo bado liko masikioni mwangu.

Mimi nilibaki wa mwisho, peke yangu, bila blanketi, nikimkabili adui. Macho nilikuwa nimeyafumba, hiyo ni mbinu, swila hulenga macho. Kisha nikatoka. Wanasema nilitoka kabla hawajamweka mgonjwa chini vizuri, lakini watu wa hapa unawajua.

Mama yako alipokea Komunyo uani, juu ya mkeka, kwenye kivuli cha migomba.

Nyasi tulizitoa zote kwa miti mirefu, kidogo kidogo, tukazichoma. Swila hakuwemo. Tumepiga kuta, tumemwaga majivu sakafuni tuone alama, hakuna. Kuta zina matundu ya panya, paa ni la majani. Huenda ametoka. Huenda hajatoka. Lile tundu la Mbonimpa lipo wazi mpaka leo, kwa sababu hakuna anayetaka kuliziba tumfungie ndani, na hakuna anayetaka kuliacha aingie na kutoka kama mwenye nyumba.

Kwa hiyo mama yako analala kwa Nyirabageni, ambaye amempokea kwa moyo wote. Amesema harudi kwangu mpaka amwone swila huyo amekufa, kwa macho yake mwenyewe. Mimi na Placidia tumehamia jikoni, tunalala juu ya meza. Juzi kamba ya mbuzi ilinipigisha kelele mpaka majirani wakaja na mapanga. Nikienda chooni natanguliza mti, naupiga chini, naimba. Hata sasa nikiandika nimepandisha miguu kwenye kiti.

Ukija likizo, fika mchana, vaa buti, na uite ukiwa barabarani. Usiingie nyumbani kwangu peke yako hata ukikuta mlango wazi. Na mkeo mwambie kuni asizishike kabla hajazigeuza kwa mguu wenye kiatu.

Msalimie huyo mkeo Celestina na watoto, uwaambie babu yao wa Karagwe bado ni simba. Placidia anakusalimu, Yustus anakusalimu, Mbonimpa anauliza kama mkonge una kazi kwa mtu wa jembe. Shangazi yako Costansia wa Kibingo yuko njiani kuja kumwona mgonjwa, nitampa salamu zako.

Mungu akutangulie kila unapouweka mguu, na ulale mahali unapopaona.

Ndimi mjomba wako, akupendaye kuliko anavyojua kusema,

Kashaija

N.B. Bahasha nilikwisha kuifunga, nimeifungua. Costansia amefika, amekuta godoro la mama yako bado linaanikwa juani tangu siku ile, na wanawake wamemhadithia. Ameapa atakuandikia kwamba mama yako amefikia hali ya kutojizuia mkojo, na kwamba uje upesi kumuaga. Usiombe ruhusa kazini kwa habari hiyo. Siku ile walipokivuta kitanda nje na kukuta godoro limelowa walimsikitikia sana, wakamzungushia kanga, wakaniambia nigeuke nisimwone dada yangu katika hali ile. Nikageuka. Yeye alinitazama tu, hakusema neno, na mpaka leo hajasema. Mama yako hakulowesha kitu, Egbert. Nililowesha mimi.