Makofi ya Krispini

Alhamisi, Februari. Mvua haijakata tangu alfajiri, na baridi ya Sumbawanga imeingia hadi kwenye droo za meza yangu.

Shajara, leo nina la kuungama.

Krispini ni dereva wetu wa vifurushi. Tangu mabasi ya watu binafsi yaanze kubeba mizigo, yeye huipokea stendi na kuisambaza kwa pikapu: Pito, Kaengesa, mpaka Milepa kule bondeni. Hakuna kifurushi kilichowahi kupotea mkononi mwake. Namheshimu kuliko bosi, na Mungu aepushe bosi asipite kwenye blogu hii.

Jumatatu aliteleza kwenye tope akiwa amekumbatia cherehani ya bibi mmoja wa Pito. Angeiachia, angejiokoa. Hakuiachia. Akaangukia bega, cherehani ikabaki salama kifuani pake.

Daftari la ajali naandika mimi. Akaniambia, "Mdogo wangu, andika nimeteleza." Ofisini kwetu neno hilo lina maana yake. Aliyeteleza anarudi kazini. Aliyeumia kampuni inampeleka hospitali, kisha anaambiwa apumzike, na mapumziko hayo hayana mwisho. Madereva wenye leseni wamejaa getini wakisubiri.

Nikaandika: ameteleza.

Leo bibi wa cherehani amekuja kushukuru. Krispini ni Mfipa aliyelelewa akaleleka. Alichuchumaa kumwamkia na kumpigia makofi, kama anavyofanya kwa kila mkubwa. Mkono wa kulia ukagoma kupanda. Akawa anapiga paja lake kwa mkono wa kushoto, taratibu, jasho likimtoka katika baridi hii.

Bibi hakuitikia shikamoo. Alilitazama lile bega.

"Wewe umeumia, baba."

"Nimeteleza tu, bibi."

"Aliyeteleza anapiga makofi."

Nilitamani droo zinimeze. Siku tatu nimekaa naye ofisi moja, nikimwona anakunja uso kila anapoinua boksi, na kalamu ninayo mimi.

Nikamuuliza Krispini kama nibadilishe daftarini. Akaitikia kwa kichwa. Nikalikata lile neno, nikaandika "ameumia kazini", nikatia sahihi. Bibi naye akaomba wino, akaweka dole gumba chini ya jina langu.

Naogopa, sifichi. Kesho asubuhi bosi atalifungua daftari, na nitakuwa nimesimama hapo hapo mezani.

Krispini akiingia, nitachuchumaa. Makofi nitapiga mimi.