Pacha wa Nahodha

Dar es Salaam,
14 Januari 2025

Kaka Asadi,

Assalaam alaikum. Naomba Mungu karatasi hii ikukute mzima, wewe, shemeji Mariamu na wanangu wote hapo Msimbati. Mimi sijambo. Joto la Dar mwezi huu halisemeki, na kwa fundi viyoyozi kama mimi joto ni neema, kwa hiyo silalamiki.

Najua utashangaa kupata barua zama hizi. Nifanyeje, namba yangu umeizuia tangu Idi ya 2018, na nikipiga kwa simu ya mtu mwingine, ukisikia sauti tu unakata. Nimempa kondakta wa basi la Mtwara, ataiweka kwenye gari la Msimbati, imfikie Bi Mwanakombo, naye akuletee pamoja na mihogo yake ya kukaanga. Ukitaka kuichana, soma kwanza mstari unaofuata, halafu chana.

Ile sinema yetu, Bandari ya Saba, inatoa sehemu ya sita. Ndiyo ya mwisho. Tarehe 21 Februari.

Nimejua hivi. Nilikuwa juu ya ngazi natengeneza kiyoyozi kwenye ukumbi mmoja wa sinema hapa mjini, wakaja watu wawili na bango limekunjwa, wakalikunjua. Nikaiona ile meli ya angani, na lile bawa lililofungwa waya. Spana ilinitoka mkononi ikaanguka nusura impate meneja. Nilisahau hata kumwomba radhi. Nikawa mtoto tena, nimekaa mbele kabisa kwenye banda lako la makuti, jenereta inanguruma nje, wewe umesimama na maikrofoni pembeni ya televisheni unatutafsiria, kwa kile Kiingereza chako cha kuokoteza kwa wageni wa kampuni ya gesi.

Kaka, nimekaa Dar miaka kumi na sijaona mtu anayejua kutafsiri sinema kama wewe. Watu walikuwa wanatoka mpaka Madimba kwa baiskeli. Na hawakuwa wanakuja kwa ajili ya meli, walikuwa wanakuja kwa ajili ya Huseni.

Sasa niseme lile lililonifanya niandike. Diski zile nne za mwanzo ulizonunua Mtwara mjini zilinyeshewa njiani, lebo zikabanduka, zikabandikwa upya ovyo. Sehemu ya nne tukaiona kama ya pili. Nahodha akafa mbele ya macho yetu, wiki iliyofuata tukamwona mzima anakunywa chai. Banda zima likalipuka. Na wewe, bila hata kumeza mate, ukasema kwenye maikrofoni, "Huyu siye. Aliyekufa ni Hasani. Huyu ni pacha wake, Huseni, na hajui kwamba nduguye amefariki." Tangu hapo Msimbati yote ikawa inangoja Huseni apate habari.

Halafu 2018 nikaja mimi na Kiingereza changu cha chuo na seti nzima iliyopangwa sawasawa. Ulikuwa unatafsiri sehemu ya tano, banda limejaa, nikasimama katikati nikasema hakuna pacha, hakujawahi kuwa na pacha, na nikauliza kwa sauti ni mjinga gani aliyebandika zile lebo. Watu wakacheka. Wewe ukaweka maikrofoni chini, ukatoka, na hujaishika tena. Nisamehe, kaka. Nilitaka kuonekana nimesoma.

Naomba Idi hii uwatafsirie sehemu ya mwisho. Usipofanya wewe hakuna atakayefanya, na Huseni hatapata habari mpaka Kiama.

Mdogo wako,
Shafii


Msimbati,
3 Februari 2025

Shafii,

Waalaikum salaam. Tu wazima.

Banda limejaa mashine za boti, ndiyo kazi yangu sasa, na namshukuru Mungu. Spika zimefanywa viota na kuku. Maikrofoni sijui iko wapi. Usiniandikie tena habari za sinema, mimi ni mtu mzima.

Shemeji yako anakusalimu.

Kaka yako,
Asadi

Ni kweli ndiyo ya mwisho kabisa, au wanasema tu?


Dar es Salaam,
22 Februari 2025

Kaka,

Assalaam alaikum. Hali yako, na ya shemeji, na ya kuku wanaolala kwenye spika? Mimi mzima lakini sijalala vizuri, kwa hiyo usiniseme kwa mwandiko.

Kweli ndiyo ya mwisho kabisa. Nimeiona jana.

Nianze na foleni. Kaka, kumbe wapo wengi. Vijana wamevaa makoti ya fedha waliyoshonewa Kariakoo, mzee mmoja wa benki kaja na bawa la boksi mgongoni, mama mmoja kabeba mtoto mchanga kamvika kofia ya rubani. Kiongozi wao ni dada mmoja mwalimu, anaitwa Pendo, anaikariri sehemu ya kwanza yote. Nikawa nauliza kila mtu, wewe unaipendea nini? Kijana mmoja akasema anapenda namna wanavyopigana. Mzee wa benki akasema anaipenda kwa sababu meli ile ni mbovu tangu mwanzo, kila sehemu inawafia njiani, na kila sehemu wanaitengeneza kwa walichonacho, mara uzi wa shati, mara mfuniko wa sufuria. Nikacheka peke yangu. Nilikumbuka ulivyorekebisha mashine ya boti ya Kassimu kwa kipande cha ndala, ukasema umejifunza Bandari ya Saba.

Pendo akaniuliza, na wewe je? Nikamwambia sisi Msimbati tunamngoja Huseni. Akasema Huseni ndiye nani? Nikaeleza. Kaka, foleni yote iligeuka. Wakanizunguka. Nilidhani watanicheka kama mlivyochekwa wewe na pacha wako ile siku. Yule mzee wa benki akavua miwani akaifuta, akasema, "Miaka yote hii nimeiona sinema hii nusu." Hayo ndiyo maneno yake, naapa.

Sasa sikiliza mwisho. Kaa chini kwanza.

Unakumbuka kwenye sehemu ya nne nahodha anakufa, na sehemu ya tano hayupo kabisa, wewe ukatuambia Huseni yuko safarini anamtafuta nduguye. Kwenye hii ya mwisho wenzake wanafika Bandari ya Saba. Wamefika kweli, baada ya sehemu sita. Wamebeba jeneza la kioo, na nahodha yumo ndani. Wanaliweka chini bandarini. Mara taa inawaka, na pembeni ya jeneza anasimama nahodha. Yule yule. Ni taswira yake ya mwanga, alijirekodi zamani kabla hajafa ili awaage wenzake. Ndivyo ilivyo kwa Kiingereza.

Lakini kaka, wako wawili kwenye skrini moja. Mmoja amelala, mmoja amesimama anamtazama. Ukumbi mzima unalia kwa sababu zao, mimi nimesimama juu ya kiti nasema "Huseni amefika" mpaka mlinzi akanishika bega. Pendo alikuwa upande wa pili naye kasimama, ananinyooshea kidole, analia na kucheka.

Wale jamaa hawakujua lolote kuhusu Msimbati, na wameimalizia hadithi yako. Sasa niambie kama utaniacha nimwite fundi mwingine aje kuitafsiri.

Mdogo wako asiyelala,
Shafii


Msimbati,
8 Machi 2025

Mdogo wangu Shafii,

Waalaikum salaam warahmatullah. Mfungo unakwendaje huko? Sisi tunamshukuru Mungu, futari ipo, mihogo ipo, pweza wa juzi alikuwa mlaini kama ameombewa. Shemeji yako anasema umekonda, ingawa hajakuona, anasema amejua kwa mwandiko.

Barua yako imeniletea balaa. Bi Mwanakombo alimpa mjukuu wake amsomee kabla ya kunifikishia, na alipomaliza kusomewa, akaisimulia sokoni. Wiki hii nimeletewa mashine tatu za boti ambazo hazina ubovu wowote. Mtu anaweka mashine chini, nahangaika nayo, inawaka mkupuo wa kwanza, ndipo ananiuliza pembeni, "Fundi, eti Huseni amefika?" Kassimu yeye ameniletea mpaka pasi ya umeme.

Nakwambia ukweli kwa kuwa tuko kwenye mwezi mtukufu. Naogopa. Siku ile sikuumia kwa sababu umenisahihisha. Niliumia kwa kile kicheko. Nilikuwa nimesimama mbele ya watu hao hao miaka kumi na miwili, nikifungua mdomo wananyamaza hata wenye kikohozi, halafu kwa dakika moja nikawa mwongo. Mpaka leo nikipita na boksi la spana naona kama wanakumbuka. Nikisimama tena nikasema "Huseni", nani ataniamini? Na nikisema "taswira ya mwanga", wataondoka kabla sijamaliza.

Na usimwite fundi mwingine. Nani, yule wa Mtwara anayetafsiri huku anatafuna jojo?

Maikrofoni nimeiona. Ilikuwa kwenye ndoo ya misumari. Nimeijaribu tu kuona kama inafanya kazi.

Kaka yako,
Asadi


Dar es Salaam,
22 Machi 2025

Kaka yangu,

Assalaam alaikum. Hongera kwa mfungo, zimebaki siku chache. Shemeji mwambie ni kweli nimekonda, lakini si kwa njaa.

Ndani ya bahasha hii kuna flashi, nimeifunga kwenye kipande cha kitenge ili isigongwe. Sinema yote imo, usiniulize nimeipataje. Nimekuandikia maelezo yote ya Kiingereza kwenye karatasi nne, dakika kwa dakika, isipokuwa sehemu moja. Pale mtu wa mwanga anapofungua mdomo mbele ya jeneza, sijaandika kitu. Nimefuta hata sauti yake. Dakika mbili na nusu midomo inacheza tu. Humo utasema wewe. Ukisema ni taswira, sawa. Ukisema ni Huseni, sawa. Mimi niliyekufunga mdomo sina haki ya kukuchagulia maneno.

Pendo na wenzake wanaomba kitu kimoja tu, umpe mtu simu arekodi sauti yako. Wamekubaliana kuisikiliza pamoja. Niliwaambia kaka yangu akikubali.

Mimi siji, kaka. Kazi ipo nyingi sikukuu, ukumbi ukijaa viyoyozi vinaelemewa. Hiyo ndiyo sababu ninayowapa watu. Sababu yenyewe ni kwamba hujaniita.

Idi njema.

Mdogo wako,
Shafii


Msimbati,
3 Aprili 2025

Mdogo wangu,

Idi Mubarak, na salamu kutoka kwa watu wengi mno, nikiwaandika wote karatasi itaisha. Sisi wazima, sauti tu ndiyo imenikauka, nazungumza kama jogoo mgonjwa, na utajua kwa nini.

Tumeonyesha Idi pili, baada ya alasiri. Mashine za boti tulizitoa nje, ukuta tukauziba na maturubai ili pawe giza. Kuku mmoja aligoma kutoka kwenye spika, tukamwacha. Watu walijaa mpaka waliosimama nje wakaanza kutoboa makuti kwa vidole wapate kuchungulia. Wamekuja wa Madimba. Wamekuja watoto ambao mwaka 2018 hawakuwa wamezaliwa, na wote wanamjua Huseni.

Saa ya kwanza nilisoma bila kuinua macho. Karatasi zako zilinisaidia, mwandiko ulinitesa. Kisha meli ikafa injini, wakaitengeneza kwa mkanda wa suruali, banda likashangilia, na mimi nikasahau kuogopa.

Tukafika bandarini. Jeneza likawekwa chini. Taa ikawaka akasimama. Midomo yake ikaanza kucheza, na mimi nilikuwa nimeandika maneno mazuri tangu Ramadhani, nikaitazama karatasi nikaiona haina maana. Nikasema tu, "Hasani, ndugu yangu, habari zako zimechelewa kunifikia. Usiwalaumu walionificha, walifanya hivyo kwa mapenzi. Nimefika."

Nikaishia hapo, na dakika mbili zimebaki. Ndipo Bi Mwanakombo akasimama na sinia lake la mihogo. Nikajua sasa yamenikuta. Akasema, "Asadi, sisi tulijua zamani kwamba hakuna pacha. Mjukuu wangu alinionyesha kwenye simu hata kabla Shafii hajasema. Siku ile tulimcheka yeye, alivyosimama kama karani wa sensa. Wewe ukadhani tumekucheka ukatufungia banda miaka saba." Halafu akageukia televisheni akasema, "Pole, Huseni, baba." Na banda zima, Shafii, wakubwa na watoto, wakasema, "Pole, Huseni."

Ilipokwisha hawakutoka. Walipanga mstari kama msibani, wakanipa mkono mmoja mmoja. Nilimwuliza Bi Mwanakombo, kama mlijua, mlikuwa mnakuja kufanya nini? Akanitazama kama mtu aliyeuliza swali la kijinga. "Tulikuwa tunakuja kumngoja," akasema.

Sauti imerekodiwa, Kassimu atakutumia. Waambie hao wa makoti ya fedha kuku anayesikika ni wa kweli.

Sasa jambo moja ambalo sijawahi kumwambia mtu. Uliuliza mbele za watu ni mjinga gani aliyebandika lebo zile. Ni wewe, Shafii. Ulikuwa na miaka tisa, diski zimelowa, nami nimekwenda kuswali. Ukataka kunisaidia kabla sijarudi, ukazibandika kwa gundi ya mkorosho uliyoibandua mtini mwenyewe, ukanionyesha kwa furaha, nami sikuzitazama namba. Nahodha alipotokea mzima na watu wakaanza kupiga kelele, wengine wakiuliza nani kaharibu, nilikuona umekaa pale mbele unavitazama vidole vyako vilivyokuwa bado vina madoa ya gundi ile. Ndipo nikasema ana pacha. Baadaye ukasahau, watoto husahau, na mimi sikuona sababu ya kukukumbusha. Siku ya 2018 nilitoka kwa sababu jibu la swali lako lilikuwa mdomoni, na watu walikuwa wengi.

Usilie. Bila gundi yako Msimbati isingekuwa na Huseni.

Kila aliyenipa mkono juzi aliniuliza ndugu yangu yuko wapi. Mimi mtafsiri, sikupata la kutunga. Namba nimeifungua tangu jana asubuhi. Piga, halafu panda basi.

Kaka yako,
Asadi