Baba Yenu Aliuliza Kuhusu Maji

Mutheu na Roy,

Msiingie jikoni bila viatu. Asubuhi daktari alipiga simu kwamba mishipa ya moyo wa Baba yenu imekuwa mawe, lazima isagwe kwa drili ndogo kabla ya kuweka stenti, kale kabomba ka waya ka kuacha mshipa wazi. Baba yenu akanirushia thamosi, akapasua dirisha. Nikamchapa na mwiko. Akafoka: "Mimi nachimba visima, najua vile drili hufanya mwamba!" Kisha akaninyang'anya simu, akauliza kama watachimba kavu, bila maji ya kupoza drili. Daktari akamwambia maji hupita muda wote. Hapo akatafuta viatu.

~~Msimwambie shosho.~~ Mwambieni shosho amwombee mwanawe. Mbwa hajakula.

Sasa anapiga honi nje twende hospitali, amevaa helmeti ya kazi. Nimeshindwa kumwambia aivue.

Mama