Nusu ya Chini ya Shamba

Mpendwa mshauri, naomba msaada, ila kwanza ujue barua hii imeandikwa na mtu hatari, kwenye trekta sina mpinzani, naweza kumnyoa beberu ndevu kwa mashine ya kufyekea na asiamke, shule ilinishinda, sikatai, lakini usukani nauelewa kuliko mwalimu alivyoielewa chaki.

Basi trekta ni la mjomba, tunafyeka mashamba yaliyolala, majani yamempita mtu kimo, na mjomba hafyeki mpaka shamba litembelewe kwa miguu, unapekua majani kwa fimbo, ukikuta jiwe au kisiki unachomeka kijiti kirefu chenye kitambaa chekundu, mimi humtania, mjomba, humo unatafuta mke wa pili au nini, naye hucheka tu, ananiambia tembea.

Mwezi jana tuligawana kulitembea shamba, yeye nusu ya juu, mimi ya chini, kisha nikapanda trekta kufyeka, yeye kasimama mpakani, mara karibu na mpaka visu vikagonga kitu, jiwe likaruka kama limetumwa, likamvunja muundi. Sasa kafungwa plasta, na juzi aliniita mbele ya mkewe akanipa ufunguo wa trekta. Akasema, "Macho yangu yamekwisha, mpwa wangu. Jiwe lile lilikuwa nusu yangu, nililipita mwenyewe." Tangu hapo hashiki kazi, hukaa sebuleni akitazama kalenda ya ukutani, anafumba jicho hili, anafumba lile, na mimi ufunguo niliutamani miaka, sasa mfukoni unaniwasha, nimfariji vipi?

Maana jiwe lilitoka nusu ya chini, mshauri. Sikuitembea. Nilikaa kivulini na simu, vijiti vyote nikavichomeka pembeni, nikamwambia nimemaliza.

*

Kijana, nilianza kwa kucheka, nikaishia kuiweka barua mezani. Mjomba wako hahitaji faraja. Mfupa utaunga wenyewe, lakini mtu mzima anayejiona kipofu kwa ajili ya uongo wako, huyo nani atamuunga? Umeona haya, ni vizuri, ila umeungama kwa asiyevunjwa mguu.

Trekta usiliguse. Rudisha ufunguo leo, mkewe akiwepo, kwa sababu mbele yake ndipo mzee alipojishusha. Atafoka, mwache afoke. Siku akikuruhusu tena, tembea shamba lote, hata pale unapodhani unapajua. Kagua ile minyororo ya kinga inayoning'inia nyuma ya mashine kuzuia mawe. Ukimwona mtu karibu, zima, maana jiwe haliulizi mpaka uko wapi. Na hilo la kusimama karibu, mjomba naye alikosea, kwa heshima zote. Kabla ya kushuka, zima injini, chomoa ufunguo, subiri visu vitulie kabisa.

Na usiende na hadithi ndefu, nakujua sasa. Ingia, kaa chini, sema: "Mjomba, macho yako ni mazima. Jiwe lilikuwa upande wangu." Kisha nyamaza.