Notisi Iliyokuja kwa Jina Lako

Baba,

Mwangaluka, kwa salamu ya kwetu. Shikamoo. Nimeandika shikamoo halafu nimenyanyua kalamu nikasubiri uitikie. Ndivyo nilivyo siku hizi, usinicheke.

Ningeanza na habari za nyumbani kama ulivyotufundisha, mvua kwanza, mpunga, afya ya Mama, ndipo shida ije mwisho. Leo siwezi. Polisi wa usalama barabarani wamekuandikia kutoka Nzega. Wanasema gari lako, wametaja na namba zake, liliendeshwa kwa uzembe kwenye barabara ya Bukene kwenda Nzega, likamgonga mwenye baiskeli na halikusimama. Wanakutaka wewe, mmiliki, ueleze kwa maandishi ndani ya siku saba nani alikuwa kwenye usukani na nani wengine walikuwemo. Notisi ililetwa Jumanne. Leo ni Jumapili, siku ya sita.

Hawajui kwamba umekufa. Kadi ya gari bado ina jina lako, maana tangu arobaini tunasema tutakaa kikao cha mirathi na hatukai. Mtendaji wa kijiji alipoileta ile karatasi alisita mlangoni, akavua kofia, akasema, "Imeandikwa kwa mzee, sasa sijui nimkabidhi nani." Mama akaipokea kwa mikono miwili. Tangu siku hiyo kila pikipiki inayopunguza mwendo mbele ya nyumba inaniinua kwenye kiti. Usiku nalala nikiamka, na nikilala naota naulizwa maswali.

Wewe unajua nani alikuwa kwenye usukani. Ulikuwa kiti cha nyuma.

Acha niseme yote, maana kwa watu nimekuwa nikisema nusu nusu. Asubuhi ile ulishika kifua, jasho linakutoka na nje kuna baridi. Ndugu yangu Shija alikuwa Tabora kwa shughuli zake, Baba Mdogo Masanja alikuwa shambani. Nikachukua ufunguo nyuma ya mlango wa jiko, tukakuingiza nyuma, Mama akaingia upande wako. Niliendesha kama mwendawazimu. Tulipoipita Itobo, kwenye ile kona yenye kichuguu kikubwa, mbele yangu alikuwepo mwanamume aliyefunga tenga la kuku nyuma ya baiskeli. Nilimwona, Baba. Watu wakidhani sikumwona itakuwa nafuu kwangu, lakini nilimwona. Nilidhani nafasi inatosha. Kioo cha pembeni kikampiga, nikasikia kishindo, na nilipotazama nyuma kwenye kioo cha ndani nikaona kuku wametawanyika barabarani na mtu yuko chini.

Ukasema, "Kabula, simama."

Mama akasema, "Twende, twende!"

Nikaenda. Hukusema neno jingine njia nzima, na pale hospitali ulikata roho kabla hawajamaliza kukuwekea dripu. Neno la mwisho ulilonipa lilikuwa agizo, na hilo ndilo nililolikataa. Najiuliza kama ningesimama, je, ungekufia pale pale porini mikononi mwetu? Na kama ungekufa kwa vyovyote, nilikimbilia nini? Nalizungusha swali hili mpaka kichwa kinauma.

Tena ni mimi! Mimi uliyenifundisha gari kwenye mashamba ya pamba yaliyokwisha kuvunwa, ukaweka kibuyu cha maziwa bila kifuniko kwenye kiti, ukasema yakimwagika nitakunywa chai ya rangi wiki nzima. Nilikunywa chai ya rangi mwezi mzima, na Shija akawa ananiita Mama Rangi. Ulikuwa ukimwona mwenye baiskeli unapunguza mwendo kutoka mbali, unamnyanyulia mkono, hata kama humjui. Nilikuuliza kwa nini, ukasema yeye hana bati la kumkinga, basi bati lake ni adabu yako.

Halafu kuna lile la makaburini. Ukoo ulinichagua mimi kusoma wasifu wako, eti nina sauti. Shija alikuwa ameandika kwamba uliendesha lori la pamba tangu ujana mpaka unastaafu, na hukuwahi kugonga mtu, mbuzi wala kuku. Watu wakatikisa vichwa, wengine wakatabasamu machozi yakiwatoka, kwa sababu ni kweli tupu. Mimi nilisoma mstari ule siku mbili tu baada ya kumwacha mtu chini na kuku wake. Sauti ikanikatika. Wakadhani ni uchungu wa kufiwa, mama mmoja akaja kunishika mkono. Niliona aibu sijawahi kuona.

Juzi Ijumaa tulikaa. Baba Mdogo ndiye aliyelifungua jambo, na usimkasirikie, alisema kwa kunipenda. Alisema, "Marehemu hapandishwi kizimbani. Andikeni ni kaka aliyekuwa anaendesha, faili lifungwe, maisha yaendelee. Kaka mwenyewe angetaka hivyo." Akanigeukia akasema, "Wewe Kabula, shule gani itakuacha ubebe watoto wa watu ukiwa na kesi ya kugonga?"

Hapo alinipata. Unajua nilivyoitafuta kazi ile ya basi la wanafunzi pale Nzega. Unajua na wewe ulivyotamba nayo, ukikaa stesheni kila treni inaposimama, unawaambia abiria usiowajua kwamba binti yako anaendesha basi zima na watoto wanaimba. Mwalimu mkuu alituambia tangu siku ya kwanza kwamba dereva mwenye kesi hashiki usukani wake. Nikikosa kazi hiyo, leseni yangu sijui nitaipeleka wapi, na ada ya wanangu sijui nitaitoa wapi.

Kwa hiyo nilikubali. Nataka ulisikie hili kwangu. Baba Mdogo alisema tukuandike wewe, Shija akasema ndiyo njia pekee, na mimi nikasema sawa. Nikasema sawa nikiwa nimetazama chini, lakini nilisema.

Shija akaandika barua kwa ule mwandiko wake mzuri, kwamba aliyekuwa akiendesha ni marehemu mwenyewe. Ilibaki shahidi aliyekuwemo ndani ya gari, na huyo ni Mama peke yake. Shija akamsogezea kidau cha wino aweke dole. Mama akakitazama. Akasema:

"Mimi nilikuwa nimempakata kichwa. Nilikuwa namfuta jasho kwa kitenge changu. Sasa mnataka niseme alikuwa mbele anaendesha? Basi mimi nilikuwa nimempakata nani?"

Baba Mdogo akaanza kuikunja kofia yake kama ina makosa. Mama akainuka akarudi uani kupepeta mchele, na sote watu wazima tukabaki tumekaa tunasikiliza ungo. Shija ndiye aliyeichana barua. Mimi hata nguvu ya kuichana sikuwa nayo.

Jana nikaenda kumtafuta mwenye kuku. Anaitwa Bwana Jilala, anakaa si mbali na ile kona. Alinikaribisha kigoda kabla hajajua mimi ni nani, na hilo likanimaliza. Mtulinga wake, ule mfupa wa mbele ya bega, ulivunjika, umeunga vibaya, mkono wa kulia haupandi juu ya bega. Tenga sasa anafungiwa na mke wake. Nikamwambia, "Ni mimi niliyekugonga." Mke wake akaacha alichokuwa anafanya. Halafu Bwana Jilala akaniuliza, "Yule mgonjwa mliyekuwa naye, alipona?"

Kumbe alipokuwa pale chini alimwona Mama kwenye kioo cha nyuma, ameinama. Nikamwambia hakupona. Akasema, "Poleni sana." Mke wake naye akasema poleni. Halafu mume akasema, bila kupandisha sauti, "Lakini ungesimama, dada. Ungeniambia tu kwamba una mgonjwa, ningekuambia nenda."

Kumbe ulikuwa unaniomba dakika moja tu, Baba. Alinieleza kwamba kesi hataifuta, na mimi sikumwomba aifute. Nilimwomba radhi. Alisema amesikia, hakusema amenisamehe.

Habari nyingine, kabla sijasahau. Mpunga wa bondeni umeshika vizuri. Mama siku hizi analala upande wako wa kitanda, anasema upande wake una baridi. Gari tumeliacha uani na kile kioo chake kilichopasuka, Shija alitaka kukibadilisha nikamkataza, nisije nikaonekana naficha. Ile sheria yako kwamba anayelirudisha gari la wote alioshe magurudumu bado inafuatwa, na bado Baba Mdogo anaikwepa.

Mchana huu nimeandika jibu upya, mwenyewe, nyuma ya nyumba. Nimeharibu karatasi nne. Aliyekuwa akiendesha nimejiandika mimi, jina kamili na namba ya leseni. Nimeeleza kwamba nilimwona mwenye baiskeli, kwamba niliambiwa nisimame na sikusimama. Kisha wanauliza waliokuwemo. Nikaandika Mama, halafu kalamu ikagoma. Tangu nazaliwa, karatasi yoyote ya gari iliyoingia nyumba hii, jina lako lilikaa mahali pa dereva. Nimeliandika mahali pa abiria. Nilimsomea Mama yote kwa sauti. Safari hii hakuna aliyemsogezea kidau, alikifuata mwenyewe.

Naogopa, Baba. Sikuandikii kwa ushujaa. Kesho saa mbili asubuhi nitaipeleka kituoni kwa mkono wangu, na nikitoka huko, kama watanitoa, nitakwenda shuleni nimweleze mwalimu mkuu kabla hajasikia sokoni. Nafikiria uso wake. Nafikiria pia wale watoto watakavyouliza Dada Kabula yuko wapi, na nani atawajibu nini. Inawezekana kufikia Jumanne sina kazi wala leseni. Inawezekana pia nikalala kituoni, na Mama ameshanifungashia kitenge na mswaki bila kuniuliza.

Nakuahidi mambo mawili. Atakayeuliza nani aliendesha siku ile, awe hakimu, awe mwanangu akikua, atajibiwa na mimi mwenyewe. Na kila siku ya gulio nitakayokuwa huru nitakwenda kumfungia Bwana Jilala matenga yake na kumpelekea sokoni, hata kama hatanisemesha.

Kwaheri, Baba yangu. Ulale bila wasiwasi, wasiwasi niachie mimi. Imeshaandikwa, na dole la Mama lipo chini yake: siku ile hukuendesha. Ulipakatwa.

Mwanao,
Kabula